Sisi Pichani, Wao Jukwaani

Bendi yetu ilikuwa na jina kabla mie sijafika, na jina hilo lipo hadi leo. Lipo kwenye mabango, lipo redioni, lipo kifuani kwa fulana zinazouzwa pembeni ya jukwaa. Sisi tu ndio hatumo. Sitalitaja hapa, maana kulitaja ni kumpigia debe mtu ambaye sina haja ya kumpigia debe. Lakini habari za bendi nitazisema, kwa sababu kila kwenye onyesho kuna mtu anazisimulia kwenye maikrofoni, na anazisimulia kama vile zilianza siku aliyoingia yeye.

Nilifika Maryland nikitokea Unguja, mke wa mtu aliyetangulia kuja kusoma, na fidla yangu ilikuwa mzigo pekee niliokataa kuukabidhi uwanja wa ndege. Niliipakata safari nzima. Nilifundishwa fidla na baba mdogo, ambaye mwenyewe alikuwa akipiga banjo katika kikundi cha taarabu mtaani kwetu. Wamarekani nikiwaambia hivyo hunitumbulia macho. Banjo, Zanzibar? Ndiyo, banjo, harusini, kando ya udi wa nyuzi na ngoma ya dumbaki, na hakuna mtu kwetu aliyeona ajabu.

Tulipanga Greenbelt, katika zile nyumba za matofali zilizopangwa na serikali zamani, njia za miguu zikipita chini ya barabara. Mume wangu akienda chuo, mie nilibaki na mtoto mchanga na ukimya. Fidla ilikaa juu ya kabati. Nani angenisikiliza?

Jumamosi moja, mtoto mgongoni, nilikuwa natoka kununua maziwa kwenye duka la ushirika. Pale kwenye uwanja mbele ya maduka kulikuwa na watu wanne wamesimama wakipiga muziki, na mmoja wao, mzee mrefu mwenye mikanda ya suruali begani, alikuwa na banjo. Niliisikia kabla sijaiona. Miguu ikagoma. Hawakuwa wakipiga kama baba mdogo. Hawa walikuwa mbio, kama wanafukuzwa, sauti zikimiminika bila kupumua. Lakini ngozi ile iliyowambwa na nyuzi zile zilinigusa palepale nilipokuwa nikiguswa utotoni. Nilisimama mpaka maziwa yakapata moto na mtoto akaanza kulia.

Walipopumzika yule mzee akanijia. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza, nami nayaweka hapa kwa lugha yangu.

"Umeupenda?" akaniuliza.

"Mie napiga fidla," nikasema, hata sijui kwa nini nilijibu hivyo.

"Fidla ya namna gani?"

"Ya harusi."

Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Ndiyo hiyo tunayoitafuta. Fidla wetu kahamia Carolina kumfuata binti yake. Njoo Jumatano. Gereji kwangu, Beltsville."

Mume wangu aliposikia akauliza, "Muziki wa makaboi?" Nikamwambia siyo makaboi, ni watu wa milimani, unaitwa bluegrass, na Jumatano atakaa na mtoto. Akakaa. Alikaa Jumatano zote zilizofuata, Mungu amlipe.

Mie nilimwita yule mpiga banjo Mzee tangu siku ya kwanza, kwa heshima tu. Alipojua maana yake alifurahi, akawa anajitambulisha hivyo hata kwa majirani zake. Gereji yake ilinuka mafuta ya gari na majani makavu, na humo ndimo nilimojifunza historia ya bendi, kidogo kidogo, wakati anafunga nyuzi.

Ilizaliwa zizini. Mzee alikuwa mchunga ng'ombe katika kile kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo pale Beltsville, na wenzake watatu walikuwa watu wa hapohapo: mkamuaji, dereva wa trekta, na mmoja wa kupima udongo. Saa ya chakula cha mchana walikuwa wakipiga muziki ndani ya zizi kwa sababu ofisini walifukuzwa. Wote wanne walitoka milimani, West Virginia na huko, wakaja mjini kutafuta kazi, na muziki ulikuwa namna yao ya kurudi nyumbani bila kupanda gari. Kisha dereva wa trekta akafa. Mpima udongo akastaafu, akaenda Florida. Mkamuaji akaokoka sana, akasema nyimbo nyingine si za mtu aliyeokoka. Kila aliyetoka akaja mwingine: fundi bomba, mwalimu wa hesabu, mwanajeshi aliyekaa miezi michache akahamishwa. Mzee aliwakumbuka wote, na alijua nani alikuwa na mkono mzito na nani aliharakisha mwisho wa wimbo.

Kanuni yake ilikuwa moja. "Anayekuja Jumatano ndiye bendi." Hakuna mtihani, hakuna kuulizana umetoka wapi. Ukija, ukakaa, ukasikiliza wenzio, umo.

Na ndivyo alivyoingia Dada. Mie namwita Dada, ingawa kanizidi umri kiasi cha kuwa mama mdogo. Ni Mmarekani mweusi, mwalimu wa shule ya sekondari, mkazi wa kaunti hii ya Prince George's tangu kuzaliwa, na alikuwa ameshakaa na besi lake refu kuliko yeye kwa muda mrefu kabla yangu. Siku ya kwanza aliponiona nimejitanda mtandio na sanduku la fidla mkononi, alisimama wima akasema, "Shikamoo!" Nikababaika. Mkubwa ananiamkia mie? Kumbe Kiswahili alikisoma chuo kikuu, ujanani, na hamu ya kukisema ilimshinda. Tukazoeana. Ila alinitia hasira za kupendeza, maana alikuwa akinisahihisha. Nilisema siku moja, "Hii gari imezimika," naye akaniambia kwa upole wote wa kitabuni, "Gari hili limezimika, dada." Mie! Mtoto wa Ng'ambo ya Unguja! Nilikaa njia nzima nikinuna.

Lakini kuhusu banjo alinifundisha jambo. Alisema chombo hiki kilivuka bahari kichwani mwa watumwa, wakakitengeneza upya kwa vibuyu na ngozi, wakakipiga mashambani humuhumu Maryland na Virginia. Babu wa babu yake alikuwa mpigaji. Mzee akiwa pale anaitikia kwa kichwa. "Sisi wa milimani tulikichukua kutoka kwao," alisema bila kinyongo. "Sijawahi kusema vinginevyo."

Wa mwisho kujiunga alikuwa Mkongo. Mtu wa Lubumbashi, mpakia mizigo uwanja wa ndege wa Dulles, mpiga gitaa mwenye vidole kama maji. Nilikutana naye kwenye harusi ya Wakenya huko Silver Spring, akipiga rumba mpaka bibi harusi akavua viatu. Nikamwambia njoo Jumatano. Akaja kutoka Herndon, safari ya kuvuka mto na msongamano wake wote, akasikiliza wimbo mmoja, wa pili akaingia. "Iko bien, mama," akaniambia, yaani iko vizuri. "Hii ni kama kwetu, tu banakimbia sana."

Basi tukawa sisi: Mzee na banjo, Dada na besi, Mkongo na gitaa, mie na fidla, na kijana mmoja wa mandolini, kile kigitaa kidogo, ambaye baadaye alioa akahamia Tennessee. Tulipiga maktaba, shule, viwanja vya kanisa, soko la wakulima. Nyimbo nyingi ni za Yesu na mto na nyumba ng'ambo ya mto. Niliziheshimu, nikazipiga kwa moyo, na sikuona dini yangu imepungua. Ulipofika wimbo mmoja wa taratibu ambao Mzee aliupenda, mie nilikuwa naanza peke yangu kwa takasim, yaani kuizungusha sauti polepole kama taarabu kabla wimbo haujaingia, na Mzee alikuwa anafumba macho.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Karibu kila onyesho mtu alinijia, mara nyingi mama mwenye tabasamu, akaniuliza, "Umejifunza wapi muziki wetu?" Wetu! Hawakumuuliza Mkongo hivyo, maana alikuwa mwepesi wa kupotea na sahani ya chakula. Dada hawakumuuliza, kwa sababu uso wake ulikuwa hauulizwi. Waliniuliza mie. Nami nilijibu kwa adabu, na kila mara nilirudi nyumbani nikijibu upya nikiwa naosha vyombo, safari hii bila adabu.

Kijana wa mandolini alipohama, akaja bwana mmoja wa Herndon. Ana kampuni ya kompyuta huko karibu na uwanja wa ndege, jumba lenye vioo kila upande, na mandolini ya thamani. Sitamnyima haki yake: anapiga vizuri mno. Jumatano ya kwanza tulitazamana kwa furaha. Akaleta spika mpya, akatutengenezea tovuti, akatupiga picha nzuri kwenye ngazi za maktaba, mie na fidla kidevuni, Dada kalikumbatia besi. Tulimshukuru kwa dhati.

Kisha akaanza kurekebisha. Kwanza kofia: wanaume wavae kofia za aina moja. Kisha mazoezi yakahama kutoka gereji kwenda kwake, kwa sababu kwake kuna nafasi. Kisha nyimbo za taratibu zikapunguzwa. Siku moja nilipoanza takasim yangu, alinyanyua mkono kama askari wa barabarani.

"Nzuri sana," akasema. "Lakini hebu tuipige iliyonyooka. Zile nakshi za Kiarabu zinawachanganya wasikilizaji."

"Wasikilizaji gani waliochanganyikiwa?" nikauliza.

"Ni suala la asili ya muziki tu."

Mzee akasema, "Mimi sijachanganyikiwa," na tukaupiga kama kawaida. Wakati ule Mzee alikuwa bado na neno.

Majira ya baridi yaliyofuata, Mzee alipatwa na kiharusi. Hakikuwa kikubwa, walisema madaktari, lakini kilimchukua vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyobana nyuzi. Alilazwa, kisha akapelekwa nyumba ya mazoezi ya viungo. Tulikwenda kumwona, Dada na mie kwa zamu, nikampelekea wali wa nazi ambao alisema ulikuwa chakula pekee chenye ladha jengo zima. Jumatano ikabidi tumpate mpiga banjo wa kushikilia. Bwana wa Herndon akamleta mtu wake. Sikuona ubaya, bendi ilikuwa imeshikiliwa mara nyingi kabla.

Lakini Mzee akabadilika. Tukienda kumwona, alikuwa mpole kupita kiasi, kama mtu aliyeagana nawe. Hakuuliza habari za bendi hata kidogo. Nikadhani ni ugonjwa.

Machipuko yalipoingia, bwana wa Herndon alituita kwake Jumapili mchana. Kahawa ilikuwa tayari, na biskuti kwenye sahani ya mbao. Tulikuwa watatu: Dada, Mkongo na mie.

"Nina habari njema," akaanza, "na nyingine ya kusikitisha kidogo. Njema ni kwamba tumekubaliwa kwenye tamasha." Akalitaja, tamasha kubwa la bluegrass upande wa Virginia, ambalo Mzee alikuwa ameliota tangu siku za zizini. "Ya kusikitisha ni kwamba Mzee atapumzika."

"Atapumzika mpaka lini?" Dada akauliza.

"Atapumzika."

"Nani kaamua?"

"Bendi."

"Bendi ni sisi," Dada akasema, "na sisi ndio kwanza tunasikia."

Akavuta pumzi kama mwalimu mvumilivu. Akaeleza kuwa jina la bendi sasa liko chini yake, amelisajili kisheria, kwa sababu lazima mtu alisimamie. Akaeleza pia kuwa tamasha lile ni la wajuzi, watu wanaotaka kusikia muziki huu kwa asili yake, na kwa hiyo kwa siku hiyo, siku hiyo tu, fidla na besi watapiga mabwana wawili anaowafahamu kutoka Virginia. Gitaa abaki Mkongo, maana hakupata mwenye vidole kama vile.

"Na sisi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, nami niliichukia.

"Nyinyi mna nafasi yenu! Maktaba, shule. Watu wa maktaba wanawapenda sana. Nyinyi ndio hadithi ya bendi hii."

Dada aliweka kikombe chini polepole. "Asili," akasema. "Babu wa babu yangu alikuwa akipiga banjo kabla babu yako hajalisikia jina lake. Nieleze tena kuhusu asili."

Yule bwana akawa mwekundu, akasema hakukusudia hivyo, na kwamba sisi tunalifanya jambo la muziki kuwa jambo la rangi. Nikasimama. Nilitaka kusema maneno mazito, na Kiingereza chote nilichokuwa nacho kikanikimbia, kikaniachia Kiswahili cha uswahilini ambacho sitakiandika. Mkongo alikuwa akikitazama kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Hakunyanyua kichwa. Lile liliniuma kuliko maneno ya mwenye nyumba.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee. Alikuwa amesharudi nyumbani, amekaa kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kushoto juu ya mto. Nikamwagia yote bila hata kukaa. Nilitarajia atawaka. Badala yake akatutazama, mara Dada, mara mie, kwa mshangao ulioanza taratibu.

"Lakini yeye aliniambia nyote mmekubali," akasema.

"Tumekubali nini?"

"Kwamba niache. Alikuja hospitalini. Alisema mmekaa mkazungumza, mmeona haya kuniambia wenyewe, ndio mkamtuma yeye. Nikamwambia achukue jina. Sikutaka kuwa mzigo kwenu."

Dada akakaa kwenye mkono wa kiti kama aliyesukumwa. Mie nilibaki nimesimama, na miezi ile yote ikanipitia: upole wake, kutouliza kwake, namna alivyokuwa akinishukuru kwa wali kama mtu anayemshukuru mgeni. Yule mzee alikuwa amelala katika kitanda kile akiamini kwamba sisi, sisi tuliokuja Jumatano zote hizo, tulikuwa tumemtupa, na bado akatupokea kwa adabu. Nimewahi kudhulumiwa katika maisha yangu, nimewahi kusemwa vibaya nikiwa kwenye foleni na kwenye basi, lakini sijawahi kuona uovu uliofanywa kwa utulivu namna ile. Mtu kuingia wodini, akavuta kiti, akamdanganya mgonjwa kuhusu rafiki zake.

"Utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nifanye nini? Ni jina tu."

"Siyo jina tu!" Nilimpigia kelele, mie niliyelelewa kutompandishia sauti mkubwa. "Ni maisha yako! Ni zizi, ni wale waliokufa, ni sisi!"

Akasema kwa sauti ya chini, "Nafurahi kwamba haikuwa kweli," na machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima. Hakutaka vita. Nilimkasirikia kwa hilo, na hasira ile haijaisha yote mpaka leo.

Siku chache kabla ya tamasha, Mkongo akanipigia simu. Alikuwa hajanipigia tangu ile Jumapili. "Mama," akasema, "sura yenu iko ku afishi. Kubwa, kabisa. Lakini hamuchezi. Njo nini hii?"

Nikamwambia Dada kuwa sura zetu ziko kwenye bango, naye akasema, "Tutakwenda tukajione."

Tukaenda. Uwanja mpana wenye nyasi, jua kali, viti vya kukunja mpaka kwenye miti. Na kweli, mlangoni mwa hema la bendi kulikuwa na bango refu kama mlango, na juu yake mie na fidla, Dada na besi, tunatabasamu kwenye ngazi za maktaba. Chini yake jina la bendi na maneno kuhusu muziki unaowaunganisha watu wote. Mama mmoja mwenye kofia ya majani akanitambua. "Ninyi ni bendi ile! Mbona hampo nyuma ya jukwaa? Mnaanza sasa hivi!"

"Tumekuja kusikiliza," Dada akamwambia.

Wakapanda wanaume watano wenye kofia za aina moja. Mkongo alikuwa pembeni kabisa. Bwana wa Herndon akashika maikrofoni, akasimulia habari ya zizi, ng'ombe waliokuwa wakitulia wakisikia banjo, dereva wa trekta aliyekufa, mkamuaji aliyeokoka. Alisimulia vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, na watu wakacheka mahali ambapo Mzee alikuwa akituchekesha. Mzee hakumtaja. Alisema tu "waasisi wetu," kana kwamba wote wako makaburini, wakati mmoja wao alikuwa Beltsville akijaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Wakapiga. Walipiga barabara, na hilo linaniudhi kulisema. Mkongo akatuona katikati ya wimbo wa pili. Vidole havikukosea, lakini uso ulianguka, na tangu hapo hakutazama tena watu.

Walipomaliza nilimfuata bwana yule nyuma ya jukwaa. Safari hii Kiingereza hakikunikimbia.

"Ulimwambia Mzee tumemkataa."

Akatazama huku na huku. "Nilimsaidia kufanya uamuzi mgumu."

"Ulimdanganya akiwa kitandani. Na sura yangu iko mlangoni kwako. Iondoe."

"Hilo ni tangazo tu. Tutazungumza wiki ijayo, mambo yakitulia."

Nilirudi hemani, nikaling'oa bango. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Dada akashika upande wa pili. Mlinzi akatujia mbio, "Mama, hilo mnalipeleka wapi?" Nikageuza bango akaliona vizuri, kisha nikamwonyesha uso wangu. "Huyu ni nani?" nikamuuliza. Akatazama picha, akanitazama, akakuna shingo, akatupisha. Tukavuka uwanja mzima tukiwa tumejibeba wenyewe, watu wakitufungulia njia, wengine wakipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Garini halikuingia. Dada akaliegemeza kwenye bampa, akalivunja kwa goti, mara ya kwanza, mara ya pili, akalitia kiti cha nyuma. Tukafunga mlango, tukakaa, hakuna aliyecheka.

Mkongo alikuja Jumatano iliyofuata. Alisimama mlangoni mwa gereji na gitaa lake, maana Dada na mie tulikuwa tumerudi kupiga pale, na Mzee alikuwa ameshamwambia binti yake afungue gereji na kufagia. "Mama, pardon," akaniambia. "Niliogopa kukosa ile scène, ile jukwaa kubwa. Sasa nilikwisha kuiona." Nikamsogezea kiti. Sikuwa na nguvu za kumkasirikia na yeye pia.

Bwana wa Herndon bado ana jina. Wakili mmoja, muumini mwenzake Dada kanisani, alituambia tunaweza kushindana, itachukua muda mrefu, na Mzee ndiye atakayelazimika kueleza mbele ya watu alichoambiwa hospitalini. Mzee akakataa. Bendi ile imeshazunguka Virginia yote, mpiga banjo amebadilika tena, fidla vilevile, na kila mara tovuti inasema ni sura mpya ya bendi ya zamani. Sisi hatuna jina. Tunapiga gereji, na wakati mwingine pale mbele ya maduka ya Greenbelt, mpaka jua linapokuwa kali. Mzee amepata vidole viwili. Anapiga polepole, anaimba zaidi, na nyimbo za taratibu zimerudi zote.

Mwezi uliopita bwana yule alinipigia. Wanarekodi albamu, akasema, na kuna wimbo mmoja wa taratibu unaohitaji "ule mwanzo wako." Alitumia maneno hayo hasa. Alisema ametafuta mtu wa kuuiga, hakumpata. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki, kama mtu ambaye hajawahi kufanya lolote.

Nikamuuliza, "Umeshakwenda kwa Mzee kumwomba radhi?"

Akasema hilo ni jambo jingine.

"Basi na hili ni jambo jingine," nikasema, nikakata.

Binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa, alikuwa mezani anafanya kazi zake za shule. Anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akaniuliza kwa nini mpaka leo bado nina hasira, kwani si muziki tu? Nilikuwa naosha mchele. Maji yalikuwa yanamwagika nje ya bakuli. Nikamwambia avute kiti, nikaanza kumweleza.